Ng'ombe Wasiokula Mpunga wa Mtu

Mzee Sayi Luhende ana saa tatu za thamani kubwa, lakini mkononi huvaa ya plastiki. Wenyeji wa Ifakara wanaomfahamu hawashangai tena. Wageni ndio hushangaa, hasa wakishaambiwa kwamba saa hizo zimetengenezwa ng'ambo kwa mkono wa fundi, na kwamba Sayi alizinunua moja moja, kwa miaka mingi, kutoka kwa wakala aliyeidhinishwa na kiwanda chenyewe. "Sasa ziko wapi?" huuliza. Sayi hutabasamu na kuwauliza bei ya mchele huko watokako.

Alifika bonde la Kilombero akiwa kijana, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake kutoka upande wa Maswa. Wakati huo majani ya kando ya mto yaliweza kumficha ng'ombe na pembe zake. Baadaye wakulima waliongezeka, wafugaji nao wakaongezeka, na malisho yakawa finyu kwa wote. Sayi hakusubiri kuambiwa. Aliuza sehemu kubwa ya kundi, akafunga mashine ya kukoboa mpunga pembezoni mwa mji, akabaki na ng'ombe wachache wa maziwa. Mashine husimamiwa na mkewe Natalia, Mpogoro wa Mahenge, mwanamke mwenye sauti inayosikika hata mashine ikiwa inaunguruma.

Saa ya kwanza aliinunua barabarani, Dar es Salaam, siku alipotoka mnadani na furaha ya mauzo. Ilikuwa inang'aa, na jina lililoandikwa usoni mwake lilikuwa la heshima. Ilikufa kwa mvua ya kwanza ya masika. Maji yaliingia ndani ya kioo yakabaki humo yakichezacheza. "Nimenunua ng'ombe bila kumtazama meno," alimwambia Natalia, na Natalia alikitumia kisa hicho kumchekesha kila mgeni aliyefika nyumbani mwaka ule mzima.

Mtu mwingine angeachana na saa. Sayi alitaka kujua alikosea wapi. Safari iliyofuata aliingia kwenye duka la wakala, na msichana wa mauzo aitwaye Nelly, aliyekuwa bado mgeni kazini, alimwonyesha namba ndogo iliyochorwa ubavuni mwa saa, kisha namba hiyohiyo kwenye kadi ya dhamana. Alimweleza kwamba namba hiyo pia imeandikwa huko kiwandani, pamoja na jina la wakala aliyeiuza.

"Kumbe ni chapa na kibali," Sayi alisema.

"Baba?"

"Ng'ombe ana chapa mwilini, na ana kibali cha kumsafirisha. Vikipishana, hapiti getini."

"Ndivyo hivyo hasa, baba," Nelly alijibu, ingawa hakuwa na hakika kama ndivyo.

Siku hiyo Sayi alirudi Ifakara na saa yake ya kwanza ya kweli. Aliifungia kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Baada ya siku chache aliikuta imesimama, akampigia Nelly simu kwa hofu kubwa. Nelly alimweleza kwamba saa ya aina ile haina betri. Hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono wa anayeivaa. Isipovaliwa, inalala.

"Kwa hiyo inataka kutembezwa."

"Ndiyo, baba. Inataka kutembezwa."

Jibu hilo lilimpa wazo ambalo wauzaji wa saa hawakulitarajia. Kwao Usukumani, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Huwawekesha baadhi kwa rafiki, au kwa mtu anayetaka kujenga naye undugu. Aliyewekeshwa humlisha ng'ombe na kumlinda, na maziwa ni yake. Ng'ombe mwenyewe hubaki wa mwenye kundi. Kati yao hakuna karatasi. Kuna mambo mawili tu ya kushika. La kwanza, mwenye ng'ombe hamwondoi bila sababu nzito, kwa maana kumwondoa ni kumwambia mwenzako kwamba urafiki umekwisha. La pili, aliyewekeshwa hamwambii mgeni ng'ombe ni wa nani, wala kwamba yupo.

Sayi aliwekesha saa. Ya kwanza aliipeleka Malinyi kwa Rosemery, mfanyabiashara wa samaki aliyewahi kumhifadhi yeye na ng'ombe wake wakati wa mafuriko. Ya pili aliipeleka Namawala kwa Faustin, dereva wa trekta. Kila kiangazi aliwatembelea kukagua mifugo yake, kama alivyosema, na saa iliyochoka aliipeleka mwenyewe kwa wakala ifanyiwe matengenezo.

Ya tatu ilikwenda Mofu kwa Eustaki, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu.

Eustaki ni Mndamba, mkulima wa mpunga na mwalimu wa dini wa kigango chao. Miaka ya nyuma ng'ombe wa Sayi waliingia katika majaruba yake mpunga ukiwa umeanza kushika punje. Fidia ililipwa mbele ya ofisi ya kijiji, lakini wale wawili walipishana njiani bila salamu kwa muda mrefu. Hata msibani walikaa pande tofauti za turubai. Siku moja Sayi alikwenda nyumbani kwa Eustaki peke yake, akiwa na kijiboksi.

"Nimekuletea ng'ombe," alisema.

"Wewe! Bado hujashiba mpunga wangu?"

"Huyu hali mpunga wa mtu."

Eustaki alikifungua kile kijiboksi, akaitazama saa yenye mkanda wa ngozi ya kahawia, kisha akamtazama Sayi. Alicheka kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, hadi mkewe Serafina akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Tangu siku hiyo saa iko mkononi mwa Eustaki. Kijijini kila mtu anajua ilikotoka. Kwa wageni haijulikani.

Sasa niseme kuhusu saa ya buluu.

Sayi aliiona katika kabati la vioo dukani, siku aliyopeleka ya Rosemery kwenye matengenezo. Uso wake ulikuwa wa buluu iliyokolea, kama anga la juu ya mto mvua inapokuwa imetoka kupita, na mishale yake ilikuwa myembamba kama miba ya samaki. Nelly alimwambia kwamba hiyo imeshapata mwenyewe, na kwamba nchini huletwa chache sana, kwa hiyo wanaozitaka huandikwa kwenye foleni. Sayi aliandikwa. Akangoja mwaka, akangoja mwingine, na kila aliporudi alipita tu kuuliza, bila kusukuma.

"Hii siiwekeshi kwa mtu," alimwambia Natalia. "Hii nitaivaa mwenyewe."

"Utaivaa na nini? Na hilo koti la mnadani?"

"Na hilohilo."

Natalia alicheka, lakini aliona kwamba mumewe hatanii. Katika miaka yote ya mumewe ya kugawa na kuwekesha, hakuwahi kumsikia akisema kitu fulani ni cha kwake peke yake.

Simu ya Nelly ilikuja mwezi wa sita, mashine ikiwa imezungukwa na magunia ya mavuno mapya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mwaonaje huko?"

"Salama tu. Baba, ya buluu imefika."

Sayi alikaa juu ya gunia.

"Ila kuna jambo," Nelly aliendelea. "Tuna meneja mpya. Anataka kila aliye kwenye foleni aje na saa zote alizowahi kununua kwetu. Kuna walanguzi, baba. Wananunua hapa, kesho yake wanauza kwa bei ya juu kwa watu wasiotaka kungoja. Kiwanda kikijua, sisi ndio tunanyimwa mzigo. Meneja anataka kuona kwamba zako za mwanzo bado ni zako."

"Ni zangu."

"Najua. Njoo nazo Jumamosi asubuhi. Usipokuja nazo, zamu inapita kwa anayefuata."

Natalia alikuwa amesimama karibu na alisikia yote. "Haya, mchungaji wa saa," alisema. "Kakusanye kundi."

Malinyi haikumpa shida. Rosemery aliifunga saa ndani ya khanga, akamkabidhi ikiwa na harufu ya samaki wa kukaushwa. "Irudi na afya yake," alisema, na hakuuliza zaidi. Kule Namawala, Faustin aliivua akabaki akikitazama kifundo cha mkono wake, ambapo ngozi ilikuwa imebaki nyeupe.

"Mzee, nitajiona niko uchi."

"Wiki moja tu."

"Wiki moja nitavaa mikono mirefu."

Alhamisi Sayi alipanda pikipiki hadi Mofu. Njiani alijipangia maneno. Angesema kwamba ni ya kwenda kukaguliwa, kwamba itarudi, kwamba hakuna ubaya. Yalikuwa maneno ya kweli yote.

Alimkuta Eustaki uani, amezungukwa na viti vya kuazima. Serafina alikuwa anavihesabu.

"Mwangaluka, ng'wanawane!" Eustaki alimsalimia kwa Kisukuma chake kibovu, kama kawaida yake.

"Jua linazama, wewe unaniamkia asubuhi. Mkutano wa nini huu?"

"Hujasikia? Jumamosi, pale shuleni. Wakulima na wafugaji. Tunapanga ng'ombe wataingia lini kwenye mashamba yaliyovunwa, na wapite njia ipi kwenda mtoni. Kuna watu hawajavuna bado, na kuna vijana wa kwenu wameshaanza kusogeza mifugo usiku."

"Anaongoza nani?"

"Mimi. Wametaka pande zote mbili." Eustaki aliinua mkono wake wa kushoto, saa ikapata mwanga wa jioni. "Wafugaji walisema, huyu tunamkubali, anavaa kitu chetu. Wakulima wakasema, huyu shamba lake liliwahi kuliwa, hawezi kutuuza. Basi mkono huu umekuwa wa pande zote. Nikiuinua watu wananyamaza. Sijui wananyamaza kwa ajili yangu au kwa ajili ya saa."

"Kwa ajili ya saa," Serafina alisema. "Mimi ukiniinulia mkono sinyamazi."

Aliwaletea chakula na maji ya kunawa. Eustaki alifungua mkanda, akampa Sayi ile saa. "Mshike ng'ombe wako, ninawe."

Sayi aliishika. Ilikuwa na joto la mkono wa mwenzake. Hapo ndipo mahali pa kusema yale maneno, na aliyafungulia mdomo. Lakini aliona pia, kwa uwazi kabisa, mkono mtupu wa Eustaki ukiinuliwa Jumamosi mbele ya watu. Nani angesikiliza habari ya meneja na foleni? Wangesema Msukuma ameondoa ng'ombe wake, na wangeanza kutafuta sababu, na sababu wangeipata hata kama haipo.

Eustaki alimaliza kunawa, akaunyoosha mkono. Sayi akamfunga ile saa mwenyewe.

"Umekuja na jambo," Eustaki alisema.

"Nilikuwa nalo. Limekwisha."

"Limekwisha lini, nami sijalisikia?"

"Kula, chakula kinapoa."

Ijumaa alipanda basi na saa mbili badala ya tatu. Usiku alilala kwa mpwa wake Ubungo, na Jumamosi asubuhi alikuwa mbele ya mlango wa kioo, amevaa lile koti la mnadani, Natalia akiwa amelipiga pasi mara mbili.

Meneja alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tai iliyofungwa vizuri. Alimkaribisha Sayi kwa heshima, akaagiza chai. Nelly alisoma namba za saa mbili, akazilinganisha na zilizomo kwenye kompyuta. Zilikuwa sawasawa. Ile ya Rosemery aliinusa kidogo, akatabasamu.

"Na ya tatu, mzee?" meneja aliuliza.

"Iko Mofu. Ipo kwa rafiki yangu, anaitwa Eustaki."

"Ulimuuzia?"

"Hapana."

"Zawadi?"

"Hapana. Ni yangu."

"Kwa hiyo umemkodishia."

"Hakuna kodi."

Meneja aliweka kikombe chini. "Samahani, mzee wangu, nataka kuelewa. Saa ni yako, anaivaa yeye, hakulipi chochote. Sasa wewe unapata nini?"

"Rafiki."

"Na yeye anapata nini?"

"Maziwa," Sayi alisema.

Nelly aliinamisha uso. Sayi alieleza yote kuanzia mwanzo: zizi moja na mazizi mengi, ng'ombe na maziwa yake. Alieleza taratibu, akitumia vikombe vya chai kuwa ng'ombe. Alipomaliza, Sayi alimwonyesha picha katika simu, Eustaki na familia yake siku ya Pasaka, saa ikionekana.

"Picha ya Pasaka, mzee. Tangu Pasaka mpaka leo saa inaweza kuzunguka dunia. Lakini nakuamini nusu, na nusu iliyobaki inaweza kupatikana kwa simu. Atusomee tu namba iliyo ubavuni."

Sayi alitaja namba ya Eustaki, na Nelly akaipiga kwa simu ya dukani. Sauti iliwekwa wazi ili wote wasikie.

"Haloo!" Eustaki alipokea kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Nyuma yake viti vilikuwa vinaburuzwa.

"Shikamoo, mzee Eustaki. Naitwa Nelly, nakupigia kutoka Dar es Salaam. Ni kuhusu ile saa uliyonayo."

"Saa gani?"

"Ya mkononi, baba. Ya mkanda wa kahawia. Naomba unisomee namba iliyochorwa ubavuni."

Eustaki alisikika akisogea mbali na viti.

"Binti, mama yako anajua kazi unayofanya?"

"Baba, huu siyo utapeli. Niko na mzee Sayi hapa."

"Simjui."

"Humjui mzee Sayi wa Ifakara?"

"Sina saa, na Sayi simjui. Na mwezi uliopita mlisema nimeshinda pikipiki. Iko wapi?"

Sayi aliisogelea simu. "Eustaki, ni mimi. Wasomee tu hiyo namba, hakuna neno."

Mbuzi alilia mahali fulani kule Mofu.

"Na wewe kijana unaiga sauti vizuri," Eustaki alisema. "Ila mwenye sauti hiyo hajawahi kuniomba kitu hata siku moja. Tafuteni kazi ya halali. Mimi nina mkutano."

Simu ikakatika. Sayi alitoa yake haraka, akapiga, akaambiwa kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Eustaki alikuwa ameizima kabisa.

Wote watatu waliitazama simu ya dukani. Kisha Sayi alianza kucheka. Alicheka hadi akatoa leso na kufuta macho.

"Mzee," meneja alisema kwa upole, "umesema ana saa. Mwenyewe amesema hana saa, na wewe hakujui."

"Ndivyo anavyotakiwa kusema. Angekubali ndipo ningeogopa."

"Mimi nitaandika nini sasa? Kwamba ametukana, kwa hiyo ni mwaminifu?" Meneja naye alicheka kidogo, halafu akawa makini. "Kuna mteja mwingine kwenye foleni. Nimemwahidi jibu saa nane mchana. Kama kuna jirani unayeweza kumpigia, aende akamweleze huyo rafiki yako awashe simu, mimi nitangoja. Dakika tano tu zinatosha."

Nelly alimtazama Sayi kwa matumaini. "Fanya hivyo, baba. Huna jirani yake yeyote?"

Alikuwa naye. Alikuwa na namba za watu wawili ambao wakati ule walikuwa palepale shuleni, wamekaa kwenye viti vya kuazima. Sayi aliitafuta namba ya mmoja wao, akaiona, kidole kikasimama juu yake. Akilini alimwona mtu huyo akinyanyuka katikati ya mkutano, akipita mbele ya wakulima na wafugaji, akimwinamia mwenyekiti na kumnong'oneza: Sayi anauliza habari ya saa yake. Anataka namba. Hayo yangetosha. Kabla ya jua kuzama yangekuwa yamefika Namawala, na njia ya ng'ombe isingepatikana mwaka ule.

Aliirudisha simu mfukoni.

"Naomba niione," alisema.

Nelly aliileta juu ya kitambaa cheusi. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoikumbuka. Ndani ya buluu ile kulikuwa na chembechembe ndogo zilizowaka mwanga ulipopita. Nelly aliichukua ili amfunge, lakini Sayi alirudisha mkono.

"Hapana, binti. Nikiivaa itanizoea."

"Baba, si upige tu hiyo simu?"

"Mpe huyo wa saa nane. Mwambie aitembeze."

Meneja alisimama, akampa mkono, akamwambia kwamba jina lake litabaki kwenye foleni, ila mwishoni. Sayi alishukuru, akamalizia chai yake maana iliagizwa kwa ajili yake, akazifunga saa mbili kwenye khanga ya Rosemery. Nelly alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Hapo alimuuliza, kwa sauti ya chini, kama kule kwao kuna mtu anayeweza kumwekesha ng'ombe mtu wa mjini asiye na zizi.

"Una mkono?" Sayi alimuuliza.

"Ninao."

"Basi tutaona."

Nyumbani Natalia alimsubiri mlangoni, akauangalia mkono wake kabla ya kumwangalia usoni. Aliiona ile ya plastiki. Alisikiliza habari yote bila kuingiza neno, jambo lisilo la kawaida yake, kisha akasema, "Na koti nililipiga pasi mara mbili." Usiku alimtengea kuku, ingawa haikuwa sikukuu.

Jumatatu Sayi alirudisha saa ya Faustin, kisha akaunganisha hadi Mofu. Eustaki alimwona kwa mbali, akaja kumpokea barabarani, amejaa habari.

"Njia imepatikana! Kupitia kule kwenye mikorosho, na hakuna ng'ombe kuingia mpaka wa mwisho awe amevuna. Walibishana mpaka jua likachoka. Mara mbili watu walisimama wakataka kuondoka. Niliinua mkono, wakakaa."

"Umefanya kazi kubwa."

"Ngoja, bado. Asubuhi ile kabla ya kuanza, matapeli walinipigia. Kutoka Dar! Wanajua jina langu, wanajua nina saa, wanajua hadi rangi ya mkanda. Msichana mwenye sauti tamu kabisa. Eti nimsomee namba."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sina saa. Wakasema wako na wewe. Nikasema simjui. Basi wakamweka mtu aigize sauti yako! Nakwambia, Sayi, ilifanana. Nusura niingie mtegoni."

"Ulijuaje kwamba siyo mimi?"

"Yule alikuwa anabembeleza. Wewe umebembeleza lini?" Eustaki alimshika bega, wakaingia uani. "Nikazima simu. Nikawaza, hawa wakijua saa ipo, kesho watakuja wenyewe. Ng'ombe wa mtu hatangazwi."

"Ulifanya vizuri sana."

"Mbona unacheka?"

"Nawacheka hao matapeli."

Serafina alileta maji, na sahani ya kambale wa kuchoma ilikuwa tayari mezani. Eustaki alikaa, bado na moto wa hadithi yake.

"Walikuwa na haraka, unajua. Nilisikia. Walikitaka kitu chenyewe kwelikweli."

"Walikitaka," Sayi alisema, akinyoosha mikono kwenye beseni. "Wamekosa."